Ukienda kuzungumzia nyota, acha kompyuta nyumbani

Mara ya kwanza kualikwa kuzungumza na wanafunzi kuhusu sayari, katika shule moja ya msingi hapa Kigoma, nilikwenda na picha thelathini kwenye kompyuta. Umeme ukakatika nikiwa picha ya nne. Nikaendelea kwa mdomo, namba juu ya namba. Watoto walinisikiliza kwa adabu, na nilipouliza kama kuna swali, hakuna mkono ulionyooshwa. Nilirudi nyumbani nimeumia, maana nyota nazipenda tangu utotoni.

Siku hizi nabeba mpira wa miguu na limau. Mpira ndio dunia, limau ndio mwezi, kwa sababu kipenyo cha mwezi ni kama robo ya kipenyo cha dunia. Nampa mtoto limau, namwambia asimame mbali na mpira kadiri anavyodhani mwezi uko mbali nasi. Wengi husimama hatua moja tu. Namwambia rudi nyuma. Bado. Rudi tena. Akifika karibu mita saba darasa zima linapiga kelele, na hapo ndipo nataja kilomita 384,000. Wakiuliza jua, nawajibu kwamba lingekuwa na upana wa mita 24, nalo lingekaa kilomita mbili na nusu kutoka hapo uwanjani. Waache wabishane lingeangukia mtaa gani. Usiwakatize, ubishi huo ndio somo.

Fimbo nayo haina gharama. Wanafunzi wengi wanaamini kivuli huwa kifupi kabisa saa sita mchana. Simikeni fimbo, wekeni alama kila baada ya dakika kumi, mtaona kwamba kwetu ni karibu saa saba. Saa ya Tanzania nzima inafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na Kigoma iko karibu na nyuzi 30, kwa hiyo jua linatufikia kama saa nzima baadaye. Ndiyo maana usiite watu kutazama nyota saa moja jioni. Saa hiyo jua ndiyo kwanza linazama nyuma ya milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa. Waite saa mbili.

Kwa watu wazima, uliza kabla hujasema. Hilo nilifundishwa na wavuvi wa dagaa pale mwalo wa Kibirizi. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu ya jinsi mwezi unavyoizunguka dunia. Nikaanza kwa kuuliza tu kwa nini mitumbwi imelala ufukweni.

"Mwalimu, mwezi umejaa," mzee mmoja akanijibu. "Mbalamwezi inazishinda taa zetu, dagaa hawakusanyiki."

"Na siku mbili tatu zijazo, mzee wangu?"

"Tunawahi kuingia, tunavua kabla haujatoka. Kila siku unachelewa zaidi."

Nusu ya mada yangu alikuwa ameshaimaliza. Nilichoongeza ni kwamba huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kila siku, na sababu yake: wakati dunia inajizungusha mara moja, mwezi nao umesogea mbele katika njia yake, ikabidi dunia izidi kuzunguka kidogo ili kuufikia. Tulikaa mpaka saa nne usiku.

Darubini yangu ya macho mawili haitoki kwenye mkoba mpaka jua lizame kabisa. Mtoto akiielekeza kwenye jua mara moja tu anaweza kupofuka, kwa hiyo katika hili sina mjadala.

Jiandae pia kwa swali la unajimu. Kwa watu wengi neno hilo linabeba utabiri na elimu ya anga kwa pamoja. Katika kikundi kimoja cha akina mama wa VICOBA, yaani vikundi vya kuweka na kukopeshana fedha, mama mmoja aliniomba nimsomee nyota ya mwanawe aliyekuwa anaumwa. Usicheke, wala usimhubirie mtu wa namna hiyo. Nilimwambia, mama, nyota hazinielezi lolote kuhusu homa, kesho asubuhi mpeleke zahanati. Kisha nikamwegemezea darubini kwenye shina la mwembe ili isitikisike, nikamwonyesha sayari ya Mshtarii (Jupiter) na vidoa vya mwanga kando yake, miezi ile ile minne aliyoiona mwanaanga wa Italia, Galileo Galilei, mwaka 1610.

Alitazama muda mrefu. "Na hao wanne ni watoto wake?"

Nikamwambia wanamzunguka usiku na mchana. Akanishikisha darubini, akaenda kumwita mumewe.