Kabla hujampa mtu jicho lako alipige leza

Vaa miwani ya namba kubwa na ninja (nikabu) pamoja, kisha shuka kwenye gari la AC ukutane na joto la Feri. Kila pumzi ni ukungu, na watu nyuma wanakusukuma. Miwani yangu ilikuwa namba minus sita macho yote mawili, na nimevuka Likoni, Mombasa, hivyo miaka kumi na miwili. Nilipopata vijisenti nikasema basi, miwani naitupa baharini.

Kosa langu ni kwamba nilikwenda nikiwa nimeshaamua. "Nataka LASIK," ile leza ya macho inayojulikana zaidi, kama mtu anayeagiza biriani. Kliniki ya kwanza ilifurahi, ikanipima papo hapo, ikataka arubuni. Hakuna aliyeuliza lenzi za kubandika nimezivua lini, nami nilikuwa nimezivua asubuhi ile! Lenzi hubonyeza konea, kile kioo cha mbele ya jicho, kikabadilika umbo kwa muda. Zile laini zivue wiki moja hadi mbili kabla ya vipimo. Ngumu, zaidi ya hapo. Arubuni yangu haikurudi yote.

Daktari wa pili alinipima siku mbili tofauti. Konea ya watu wengi ina unene wa kama maikroni 540, nusu milimita na kidogo. Yangu ilikuwa 488. Kwenye LASIK hukatwa kifuniko chembamba, leza ikachonga chini yake, kisha kifuniko kikarudishwa mahali pake. Kila namba moja ya miwani hula kama maikroni 15. Akageuza karatasi ya dawa, akapiga hesabu: 488, toa 110 za kifuniko, toa 90 za leza. "Inabaki 288. Wapo watakaokufanyia, lakini mimi sikufanyii." Hapo ndipo nilipomwamini. Konea iliyopunguzwa mno huweza kulegea ikachongoka kama koni, na hapo hata miwani haikusaidii sawasawa.

Akanipa PRK, aina nyingine ya leza. Hakuna kifuniko, ngozi ya juu ya konea huondolewa, leza ikapita, ngozi ikaota tena yenyewe. Jicho halikumaliza dakika moja. Ukisikia harufu kama ya nywele zilizoungua, usishtuke.

Siku tatu zinazofuata ndizo sitaki nikudanganye. Ni kama umejifikicha kwa mkono uliokata pilipili. Unabandikwa lenzi ya kulinda jicho, unalala gizani, na feni huruhusiwi kwa sababu hukausha macho. Mimi nilifanya mwezi wa pili. Mombasa, kaskazi, bila feni! Wewe ngoja kusi, Juni au Julai. Maji usoni pia nilikatazwa, kwa hiyo muulize ustadhi wako mapema habari ya udhu, usije ukahangaika na adhana imeshaita. Wanja uache kabla na baada. Kuogelea ni wiki kadhaa.

Wenye LASIK huona vizuri kesho yake. Mimi ilichukua kama mwezi maandishi ya matatu yatulie. Kwa wenye namba kubwa kupita kiasi kuna lenzi inayowekwa ndani ya jicho, nyuma ya mboni, bila kuondoa lenzi yako ya asili. Hiyo bei yake ilinitoa mbio.

Kama namba yako bado inapanda kila mwaka, au una mimba au unanyonyesha, subiri. Na shangazi zangu mliopita arubaini mnaoniuliza: leza ya kuona mbali haizuii miwani ya kusomea. Mamangu ana miaka 68 na tatizo lake lilikuwa mtoto wa jicho. Yeye alitolewa lenzi iliyochafuka akawekewa ya bandia. Akirudi nyumbani akaitazama kanga aliyoshikilia miaka yote kuwa ni ya rangi ya maziwa, akamlaumu dadangu kwa kumbadilishia. Ilikuwa nyeupe pe tangu dukani. Msahafu bado anausoma kwa miwani.

Mimi usiku taa za magari pale daraja la Nyali zilikuwa na duara kama mwezi uliozungukwa na wingu. Zimepungua, hazijaisha. Na upepo ukivuma sana natia matone, kichupa hakitoki mkobani.