Wasomaji Wanauliza: Nimezoea mawimbi ya Nile, je Malindi nitaweza?

SWALI: Habari ya kazi hapo. Mimi naongoza watalii kwa rafti hapa Jinja, mwaka wa tano huu, na wageni wakienda huwa tunashuka na ubao wa safingi kwa lile wimbi la Nile Special, nasimama vizuri tu. Sasa mimi na wenzangu wawili tunataka Desemba tupande basi mpaka Mombasa, tujaribu bahari. Wengine wanasema twende Diani, wengine Malindi. Mmoja wetu bila laifu jaketi haogelei vizuri. Tujue nini kabla ya kwenda?
Msomaji, Jinja

JIBU: Ndugu yangu, umenifurahisha sana manake mimi nimekulia Likoni na saa hii niko Kampala mwaka wa kumi na mbili, hayo maji yote mawili nayapenda. Kitu cha kwanza ukishike hiki: hapo Jinja wimbi limesimama, maji ndo yanapita chini yako. Baharini ni kinyume, wimbi ndo linakimbia na maji yenyewe yanapanda na kushuka karibu palepale, mpaka likifika penye kina kifupi ndo linavunjika. Kwa hivyo kusimama unajua tayari, lakini kulipata wimbi utaanza moja. Hulikuti likikungoja, unalala kwa ubao, unageuza shingo unaangalia nyuma, ukiliona linakuja unapiga maji kwa mikono nguvu zako zote mpaka ubao ushike kasi yake, alafu ndo unaruka kusimama, na hapo una sekunde chache tu limeisha. Mabega yatauma siku mbili tatu za kwanza, vumilia.

Cha pili ni saa. Nyinyi mnaangalia bwawa limefungulia maji kiasi gani, huko pwani anayefungulia ni mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu kuna bamvua, maji ya Mombasa yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, na siku hizo mara nyingi yanakuwa yamekupwa karibu saa nne asubuhi alafu yanajaa karibu saa kumi jioni. Siku za katikati ya bamvua moja na nyingine ni maji mafu, tofauti ni ndogo. Kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50, kwa hivyo saa uliyoingia jana usiitegemee wiki ijayo, uliza wavuvi, wao wanazo kichwani.

Sasa wapi. Diani ni pazuri sana lakini mwamba uko nje, mawimbi makubwa yanavunjikia huko mbali na ndani panabaki shwari. Wale wa kaiti, wanaovutwa na tiara juu ya maji, wanapapenda. Ukienda kufuata wimbi kule mwambani na maji yanakupwa, ukianguka unaangukia matumbawe na wale viumbe wa baharini wenye miiba mirefu myeusi, na kidonda cha matumbawe hakiponi haraka. Kwa mtu anayeanza mimi nasema Malindi. Mto Sabaki unamwaga tope jingi karibu na pale, matumbawe hayapendi tope, kwa hivyo sehemu kubwa ya ghuba imebaki wazi na wimbi linaingia mpaka kwenye mchanga, ukianguka unaangukia mchanga.

Lakini nikwambie ukweli, Desemba siyo mwezi wa mawimbi. Wakati huo upepo wa kaskazi ndo unaanza, mawimbi mengi ni madogo. Yale yenyewe yanakuja na upepo wa kusi, na Julai na Agosti ndo Malindi inachangamka. Bado ningeenda Desemba, wimbi la kufika kiunoni ndo linafundisha kupiga mikono vizuri, alafu mrudi Julai mkiwa mnajua. Ingieni asubuhi mapema kabla upepo haujachafua maji.

Kuhusu mwenzenu, hapa sitaki kuficha. Mtoni jaketi linamwokoa, kwenye mawimbi yanayovunjika linamshikilia juu palepale wimbi linapompiga, hawezi kupiga mbizi chini yake. Asipite kina cha kiuno, basi, na kama mna miezi kabla ya safari afundishwe kuogelea sasa. Na nyote muujue mkondo unaotoka nje, unaupata pale ambapo mawimbi hayavunjiki katikati ya yanayovunjika, mtu anaona pametulia anadhani ndo salama. Mimi ulinichukua nikiwa na miaka 16, nikapigana nao mpaka mikono ikaisha nguvu, mzee mmoja wa ngalawa akanipigia kelele niende pembeni, sambamba na ufuo, na kweli baada ya muda kidogo ukaniachia. Usishindane nao kurudi moja kwa moja, na ubao usiuachie.

Safari ni zaidi ya kilomita 1,000, mpakani kitambulisho cha taifa kinatosha.

SWALI: Mbona hapa Entebbe ziwa ni kubwa hivi lakini hatuoni maji kujaa na kupwa, na mawimbi hayapandiki?
Msomaji, Entebbe

JIBU: Mwezi unalivuta hata ziwa, ila ni sentimita chache, jicho halioni. Mawimbi yetu yanatengenezwa na upepo wa hapahapa, yanakuja mafupi, yamesongamana, yanapigana. Yale ya pwani mengine yamezaliwa na dhoruba za mbali sana kusini, yamesafiri siku nyingi yakajipanga, ndo maana unapata moja, unangoja, unapata lingine. Lakini usilidharau ziwa kwa sababu hiyo, dhoruba zake nyingi zinapiga usiku na alfajiri, na lile wimbi fupi ndo linalojaza mtumbwi maji kabla hujageuka. Jaketi kwa ziwa vaa, hata kama unavuka tu kwenda Ssese.