Nimeweka Python, mbona napelekwa dukani?

SWALI: Shikamoo Ami. Niko Maweni, Malindi, nimemaliza kidato cha nne nangoja chuo. Kaka kanipa laptopu yake ya Windows 10. Nimeshusha Python, ile lugha ya kuandikia programu, kwenye tovuti yake, nikaisakinisha, ikasema imekamilika. Lakini nikifungua lile dirisha jeusi la cmd nikaandika python, linafunguka duka la Microsoft! Nimeifuta na kuirudisha mara tatu mpaka bando limeisha. Laptopu ni mbovu?
– Binti wa Maweni

JIBU: Marahaba mwanangu. Laptopu ni nzima, na Python unayo. Andika py --version kwenye dirisha lile lile jeusi uone. Ikikujibu namba ya toleo, basi imo. Wala usishushe tena, lile faili la mwanzo bado limo ndani ya Downloads.

Tangu mwaka 2019 Windows 10 huja na kifaili kiitwacho python.exe ambacho si Python hata kidogo. Kazi yake ni kukufungulia duka. Nawe ukiandika python, kompyuta haizunguki mashine nzima kutafuta. Ina orodha ya folda, huitwa PATH, na huipitia kuanzia juu. Jina la kwanza kulikuta, ndilo hilo hilo.

Hapa kwetu Langoni, Lamu, simiti huja kwa punda. Siku moja nilimwambia kijana apeleke mifuko sita kwa Athmani, nisiseme Athmani yupi. Akatua baraza ya Athmani wa kwanza njiani, akaenda zake. Mwenye simiti alingoja hadi magharibi, na maneno nikayala mimi.

Sasa andika where python, ikuonyeshe kila python.exe iliyomo kwenye folda za orodha ile. Ukipata mstari mmoja tu, unaoishia WindowsApps\python.exe, huyo ndiye Athmani wa njiani. Python yako haimo kwenye orodha, kwa sababu kisakinishi kina kisanduku chini ya ukurasa wa kwanza, "Add python.exe to PATH", nacho huja bila tiki. Wengi hukiruka, maana kitufe kikubwa cha kusakinisha kiko juu yake na macho huishia hapo.

Usifute kitu. Fungua kisakinishi kile kile, chagua Modify, kisha Next, utie tiki kwenye "Add Python to environment variables", umalize. Halafu funga dirisha jeusi ufungue jipya. Hili usilidharau: dirisha lililokuwa wazi hubaki na orodha ya zamani. Mimi nilipoteza alasiri nzima kwa kutolijua.

Rudia where python. Mstari wa juu uwe na Programs\Python ndani yake, ule wa WindowsApps uwe chini. Ukiwa bado juu, nenda Settings, tafuta "app execution aliases", uzime python.exe na python3.exe.

Mwisho, python -m pip --version. Pip ndiyo itakayokuletea maktaba za ziada, yaani vipande vya programu walivyokwisha kuandika wengine, na jibu lake hutaja folda inayotumika. Iwe ndani ya Python ile ile uliyoiona juu. Usizoee kuandika pip peke yake, hasa ukija kuwa na matoleo mawili.

Likikushinda, niandikie tena, unakili mistari yote kama ilivyo. Usinifupishie.