Re: Hivi Thabeet alikuwa mkali chuoni au ni urefu tu?

Mkuu, Hasheem Thabeet urefu ulimsaidia, lakini alikuwa mkali kweli. Kijana wa Dar aliyeanza kikapu akiwa na miaka 15 hivi, akacheza Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, miaka mitatu. Msimu wake wa mwisho, 2008/09, alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku (kuzuia mitupo) 4.2 kwa mechi, timu ikafika Final Four (nusu fainali ya ubingwa wa vyuo Marekani). Watu walikuwa wanaogopa hata kuingia chini ya goli! Memphis, timu ya NBA (ligi kuu ya kikapu Marekani), wakamchukua wa pili drafti ya 2009 (timu zinapochagua wachezaji wapya), mbele ya Harden na Curry waliokuja kuwa mastaa (hilo bado linawauma). NBA ndiyo ikamshinda: kushambulia alikuwa bado mbichi. Mimi naona angebaki chuo mwaka mmoja zaidi.