"Umejitahidi, dada"

Mleta mada umeuliza mtu atajuaje kama aliloambiwa ni utani wa kawaida au anadharauliwa kwa sababu ni mwanamke. Mimi ni fundi umeme hapa Dar, huu mwaka wa 11, ngoja nikupe ya kwangu.

Kiswahili chenyewe hakina ubaguzi hapo: ukisema "fundi amefika" hujasema ni mwanaume au mwanamke. Mwezi uliopita nilielewana na mteja wa Tabata kwa meseji tupu, bei mpaka nauli. Nimefika na kijana wangu, saidia fundi, ana umri wa miaka 19, na kazini ana miezi 4 tu. Mzee mwenye nyumba akanipita, akampa yeye mkono. "Karibu fundi. Breka inakatika kila tukiwasha hita ya bafuni." Nikauliza, inakatika papo hapo au baada ya muda? Akamjibu kijana! Tulikwenda hivyohivyo karibu nusu saa, nauliza mimi, anajibiwa yeye. Nikaitenga saketi ya hita, breka ikatulia. Elementi, ile sehemu inayochemsha maji, ilikuwa imeoza, inavujisha umeme kwenda ethi, yaani waya wa ardhini. Nikamweleza mzee. Akamgeukia kijana: "Eti, ni kweli?"

Hakunitukana, na hapo ndipo ugumu ulipo, maana ukisimulia unaonekana unadeka tu. Siku hizi siangalii sana maneno. Naangalia mtu akijibu swali langu, macho yake yanakwenda kwa nani.

Nimeshabadilisha elementi, wakati wa kulipa mzee akaniambia, "Umejitahidi, dada." Jamani, kujitahidi si ni kwa mtoto aliyepata 40 ya hesabu? Hita inachemsha maji, nimejitahidi nini? Wengine hukusifu kwamba "wewe ni mwanaume kabisa", wakidhani wamekupandisha cheo. Na ukilisema kijiweni utaambiwa Rais mwanamke tunaye tangu 2021, mnataka nini tena. Sawa, lakini Mama Samia haji kunishikia ngazi Tabata.

Ila na mimi nisijitoe. Juzi nimempeleka mwanangu zahanati, koo linamsumbua. Kijana wa kiume aliyetupima uzito nilimwita dokta tangu mlangoni. Akaingia dada mmoja na koti lake jeupe, nikamuuliza, "Samahani nesi, daktari anakuja saa ngapi?"

Akavuta kiti, akamwambia mwanangu afungue mdomo.