Rafiki Yangu Amejiona Katika Hadithi Yangu ya Roboti

Mpendwa msomaji,

Umeniandikia kwamba umetunga hadithi ya kubuni ya kisayansi kuhusu roboti anayejitambua na kupata urafiki kwa fundi anayemtengeneza, ukampa rafiki yako wa tangu utotoni aisome, naye akakuuliza, "Kumbe ndivyo unavyoniona?", na tangu hapo ujumbe wako anaujibu kwa neno moja moja. Unataka kujua kama uichane hadithi au umwombe radhi. Usifanye lolote kati ya hayo kabla hujaisoma upya ile sehemu ya usiku karakanani.

Hapo roboti wako anamshikia fundi taa huku betri yake mwenyewe ikikaribia kwisha, na hasemi kitu. Fundi naye anaendelea na nati zake, wala hamtazami. Umelieleza tukio hili kwa upole mkubwa, tena ukaliita urafiki. Mimi nimeona mtumishi na bwana wake, na nadhani rafiki yako ameona vivyo hivyo, ila yeye ameumia zaidi kwa sababu amejikuta ndiye bwana.

Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, wa chuo cha MIT nchini Marekani, aliandika kuhusu programu yake ya kompyuta iitwayo ELIZA, ambayo aghalabu iliyachukua maneno ya mtu na kumrudishia kwa namna ya swali. Watu waliifungulia mioyo yao. Hata katibu wake, aliyejua fika kwamba ile ni programu tu, alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani. Sishangai, maana ni raha kupata msikilizaji asiyechoka wala kudai chochote. Lakini ELIZA haikuwa na la kuficha, ilhali roboti wako, kwa kuwa umempa utambuzi, anajua kwamba chaji inakwisha, anaogopa kuzimika, na bado anachagua kunyamaza. Fundi atalaumiwaje kwa jambo ambalo hakuambiwa?

Nakuuliza hivyo kwa sababu umetaja, tena kwa kupitia tu, kwamba ulipofiwa hukumjulisha rafiki yako ili usimsumbue, na kwamba hujawahi kumkatalia jambo. Sisemi kuwa yeye hana kosa, kwani anayepokea kila siku angepaswa kuuliza hali ya anayempa. Hata hivyo, wewe ndiye uliyeufunga mlango.

Mpigie simu badala ya kumwandikia. Usianze kwa kumweleza kwamba hadithi ni ya kubuni tu, kwani hataamini, nami pia siamini. Msimulie kuhusu msiba ule, kisha umwombe jambo moja litakalomgharimu muda, na umwache akubali au akatae. Ukiamua kuiendeleza hadithi, mruhusu roboti aiweke taa chini na kumwambia fundi kwamba nguvu zinamwishia. Atakalolijibu fundi, usiliandike kabla hujazungumza na rafiki yako.