Deni la duka la 2015: usitume hata mia tano

Dada wa Kisauni, umeniandikia kwamba mkusanya madeni anakusumbua kwa simu na ujumbe akidai deni la duka la mwaka 2015; pole kwa hizo simu. Kabla ya yote, usilipe chochote kwa sasa. Huo ujumbe wa "tuma hata 500 leo tufunge faili" ndio wa kuogopwa zaidi. Sheria ya Kenya humpa anayedai deni la mkataba miaka 6 ya kwenda mahakamani. Wewe wasema hukulipa wala kuandikiana na wanaokudai tangu 2015, basi muda huo umepita. Lakini ukituma chochote kwa M-Pesa, au ukitia saini barua ya kukubali deni, hesabu yaweza kuanza upya.

Mjibu huyo mkusanya madeni kwa maandishi, si kwa simu: "Nitumie nakala ya mkataba, taarifa ya malipo yote, na barua ya aliyekukabidhi deni hili. Kuuliza si kukubali kwamba nadaiwa." Basi, usiongeze neno.

Kukutishia kwamba dalali atakuja kubeba friji kesho ni maneno matupu, maadamu hukuliweka rehani na hakuna amri ya mahakama. Na kumpigia shemeji yako kukuaibisha ni makosa. Hifadhi picha za ujumbe huo umshtaki kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Ila ukipokea samansi ya kweli, yaani hati ya mahakama ya kukuita kujibu kesi, tafadhali usikae kimya. Hakimu hatakutetea kuhusu muda. Ni wewe utakayesema, kwa maandishi, kwamba deni limepitwa na wakati.